Mzee akihama Mngeta, hela ya TASAF inakuwaje?

Mzee asiyejiweza wa Mngeta, wilayani Kilombero, akikosa ndugu wa kumtunza, anaweza kupelekwa makazi ya wazee ya Serikali Fungafunga, Morogoro mjini. Kule anapata pa kulala, chakula na matibabu. Vipi hela ya TASAF?

Hapo ndipo wengi hujichanganya. Ruzuku ya kunusuru kaya masikini inalenga kaya iliyoandikishwa kijijini, siyo mtu mmoja mmoja, hata kama ndani yake yumo mwenye ulemavu. Akihama, kaya inapungua na taarifa zake zinabadilika. Kama aliishi peke yake, kijijini hakuna kaya tena.

Zanzibar mambo ni tofauti. Tangu Aprili 2016, pensheni jamii analipwa mzee mwenyewe aliyefikisha miaka 70. Haki inamfuata mtu.

Kwa Bara, kuhama ni kuachia fedha ya mkononi ili kupata matunzo ya kila siku. Kwa asiye na mtu, hiyo si hasara. Shida inakuja akitaka kurudi nyumbani. Hivyo kabla ya safari, muulizeni afisa ustawi wa jamii na mratibu wa TASAF wa halmashauri: jina lake litabaki?