RELI NDOGO YAHITAJI CHAMA

Mtoto wa Mlimba hana haja ya kuhadithiwa garimoshi. Reli ya Uhuru, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, inapita katika bonde lao la Kilombero. Si ajabu akiunda mabehewa kwa makopo na waya. Hatari huanza anapokwenda kuyachezea relini kwenyewe, kwani treni haisimami ghafla. Makatazo pekee hayatoshi. Apewe mahali pengine pa kuchezea.

Huko Ulaya wako watu wazima walioanzisha vyama vya reli ndogo za nje. Upana unaotumiwa sana ni milimita 45. Reli ya Uhuru ina milimita 1,067. Basi kipimo ni kama sehemu 1 ya 24. Vijana wetu wakikifuata, nguzo za daraja la Mpanga, zenye meta 50 hivi, zitafikia meta 2 na ushei, kumpita mtu mzima. Hiyo si kazi ya mtoto mmoja uani. Ni kazi ya chama.

Bonde lenyewe ni mwalimu. Wakati wa masika maji hutuama, hivyo tuta liinuliwe, makalvati yawekwe na kokoto zitandazwe kabla ya mataruma. Usahihi nao waufuate Kidatu, ambako Reli ya Uhuru hukutana na tawi la Reli ya Kati lenye upana wa milimita 1,000. Kwa milimita 67 tu, behewa la huku haliwezi kuendelea kule. Katika reli ndogo tofauti hiyo haifiki milimita 3, lakini yatosha kuangusha behewa.

Hata hivyo, vyama vingi havifi kwa kukosa waya; hufa kwa kukosa utaratibu. Mwenye kiwanja asiwe pia mweka hazina. Zana ziandikwe daftarini kuwa mali ya wote. Asiyechimba tuta asidai zamu ya kuendesha. Wasichana nao washike nyundo, wasiachiwe kufagia. Akipatikana mstaafu wa reli, aombwe kuwa mlezi wao.

Mzazi, pembe moja ya kiwanja chako yatosha kuanzia. Mtoto aliyelijenga tuta kwa mikono yake ataiheshimu reli kubwa, naye hatakubali mwenzake aichezee.