Namba ya Kingamwili Si Hati ya Usalama

Mgonjwa wangu mmoja, mzee mwenye kisukari, alinikabidhi karatasi ya maabara kwa furaha. Kipimo kilionesha kuwa damu yake ina kingamwili nyingi dhidi ya virusi vya korona. "Daktari," akaniuliza, "sasa chanjo ya nyongeza ni ya nini tena?" Swali lake ni la haki, nasi wahudumu wa afya tunawajibika kulijibu kwa ukamilifu.

Kingamwili hunata kwenye protini ya mwiba, ambayo kirusi huitumia kuingia ndani ya seli. Mwiba ukibadilika umbo, kingamwili za zamani hushindwa kuushika barabara. Aina ya Beta, iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 2020, ilitupa onyo mapema. Omikroni, iliyotangazwa Novemba 2021, ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 katika mwiba huo. Watu waliokwisha kuugua, na hata waliochanjwa, wakaambukizwa kwa wingi. Kipimo cha mzee yule kilieleza wingi wa kingamwili. Hakikueleza iwapo zinaitambua aina ya kirusi inayoenea sasa.

Je, chanjo zilishindwa? La hasha. Kinga si kingamwili peke yake. Seli T hutambua vipande vingi vya kirusi, na sehemu kubwa ya vipande hivyo haikubadilika. Seli B za kumbukumbu nazo huzalisha kingamwili upya kila zinapokutana tena na kirusi au chanjo. Ndiyo maana wengi wa waliochanjwa waliugua mafua na homa bila kufikia hatua ya kuhitaji oksijeni.

Kwa maoni yangu, tuache kumwambia mgonjwa "una kinga" au "huna kinga". Tumweleze ni kinga dhidi ya nini: dhidi ya maambukizi, au dhidi ya ugonjwa mkali? Ya kwanza hupungua ndani ya miezi michache na huyumbishwa na aina mpya. Ya pili hudumu zaidi, ila kwa wazee na wenye maradhi sugu si ya kutegemewa bila kuimarishwa.

Hayo ndiyo niliyomweleza mzee yule. Alisikiliza, akauliza maswali mengine mawili, kisha akakubali kuchanjwa. Wagonjwa wetu hawashindwi kuelewa jambo hili. Mara nyingi ni sisi tunaowanyima maelezo.