Darasa limejaa, tumbo liko tupu: chakula na masomo ya watoto wa Fizi na Baraka

Saa moja ya asubuhi njia za Baraka zinajaa mashati meupe na nguo za bluu. Watoto wanaenda masomo. Ukiwauliza wamekula nini, wengi watakujibu: tulikula jana jioni. Katika nyumba nyingi chungu kinawekwa motoni mara moja kwa siku, mama akisharudi shamba au soko. Kwa hiyo mtoto anakaa darasani toka asubuhi mpaka saa sita na chakula cha jana. Ikifika saa nne, vichwa vinaanza kulala juu ya mabao. Mwalimu anakasirika. Mzazi anaambiwa: mtoto wako ni mvivu, hashiki kitu.

Je, ni uvivu kweli?

Tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, jambo ambalo katiba ya 2006 iliishasema katika kifungu cha 43, shule zetu zilijaa. Watoto waliokuwa wanafukuzwa juu ya minerivali walirudi. Hilo ni jambo jema na hakuna anayetaka turudi nyuma. Lakini kuingia darasani ni jambo moja, kujifunza ni jambo lingine. Benki ya Dunia inahesabu kwamba kati ya watoto 100 wa Kongo wenye miaka 10, 97 hawawezi kusoma andiko fupi na kulielewa. Sababu ni nyingi: madarasa yenye watoto kupita kiasi, walimu wasiopata mshahara wao kwa wakati, vitabu vichache, lugha, vita. Leo tunaangalia sababu moja ambayo haizungumziwi sana katika mikutano ya wazazi: chakula.

Bwaki tunaijua, kudumaa hatukuoni

Kivu ya Kusini nzima watu wanajua bwaki. Miguu inavimba, nywele zinageuka rangi, mtoto hacheki tena. Mama akiona hivyo anakimbia kituo cha afya. Pale wanampima mkono kwa ule mkanda wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hatari. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano; zaidi ya hapo ni kijani.

Kuna utapiamlo mwingine ambao haupigi kelele. Mtoto anacheza, anacheka, hana uvimbe, lakini ni mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake. Huyo amedumaa. Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa 2013-2014 ulikuta watoto 43 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika Kivu ya Kusini walikuwa zaidi ya nusu. Uchunguzi uliofuata, wa 2017-2018, ulikuta 42 kwa nchi nzima. Maana yake hali ilibaki pale pale.

Hapa kwetu utasikia: «Si ugonjwa, ukoo wao ni wafupi.» Shirika la Afya Duniani lilichunguza jambo hilo. Kabla ya kutoa vipimo vyake vya 2006 lilifuata watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Walichagua watoto walionyonyeshwa vizuri, wanaokula vizuri na kutunzwa vizuri. Walikuta mpaka miaka mitano wanakua karibu sawasawa, hata kama rangi na ukoo ni tofauti. Watu wazima wa ukoo mmoja wanaweza kuwa warefu au wafupi, ndiyo. Lakini kama nusu ya watoto wa jimbo zima ni wafupi, hiyo si damu ya ukoo. Ni sahani, ni maji, ni magonjwa.

Na jambo lenyewe si urefu tu. Mtoto akifika miaka miwili, ubongo wake umeshafika karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ubongo huo ulijengwa wakati ule ule mwili ulipokuwa unakosa protini, madini ya chuma, zinki na ayodini. Ndiyo maana wataalamu wanazungumzia siku 1000 za kwanza, toka mimba inapoingia mpaka mtoto anapomaliza miaka miwili. Mtoto anayeshindwa kusoma mwaka wa pili, pengine tatizo lake lilianza mama yake akiwa bado na mimba.

Ziwa lina ndagala, sahani ina bugali

Kinachouma zaidi ni hiki: Fizi si jangwa. Tuna ziwa Tanganyika, tuna mashamba, tuna mawese. Basi tatizo liko wapi?

Tuangalie sahani. Bugali ya mihogo inashibisha, lakini gramu 100 za unga wake hazifikishi hata gramu mbili za protini. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Akishibishwa bugali na mchuzi wa sombe, nafasi ya kitu kingine haipo tena. Ndagala waliokauka ni habari nyingine: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa mtu anawala wazima pamoja na mifupa, wanaleta pia kalsiamu na chuma. Mawese mekundu yana vitamini A. Maharage, karanga, lengalenga, yote yanaota hapa.

Lakini vitu hivyo ndivyo vinavyouzika. Ndagala wanaenda soko na kupakiwa katika malori, mawese yanaingia ndani ya bidoni, na makuta yanayopatikana yanalipa sabuni, dawa na deni. Kinachobaki nyumbani ni mihogo. Tena sahani ya nyumba ina sheria zake: samaki mzuri ni wa baba, watoto wanagawana mchuzi. Hatusemi hivyo ili kumlaumu mtu. Tunasema kwa sababu jambo hilo linaweza kubadilishwa bila kungojea mradi wowote.

Mihogo yenyewe inataka uangalifu. Ile michungu ina sumu ambayo inatoka ikilowekwa siku za kutosha na kukaushwa vizuri. Wakati wa njaa au wa kukimbia, watu wanafupisha siku. Katika Kwango, magharibi ya nchi, tangu miaka ya 1930 waganga wameandika juu ya konzo, ugonjwa unaolemaza miguu ya watoto na wamama wanaokula mihogo ambayo haikutayarishwa vizuri na bila protini ya kutosha. Baadaye, uchunguzi uliofanywa Kahemba ulionyesha kwamba hata watoto wasiolemaa, katika sehemu hizo, wanaweza kupungukiwa nguvu ya kufikiri. Kulowesha mihogo siku zote zinazotakiwa ni kulinda miguu na kichwa cha mtoto.

Vita, maji na misaada iliyokatika

Hatuwezi kuzungumzia chakula hapa bila kuzungumzia usalama. Toka milima ya Minembwe na Itombwe mpaka Lulenge na Ngandja, familia zimekimbia mara ya pili, ya tatu, ya nne. Anayekimbia anaacha shamba likiwa na mihogo ndani ya udongo. Tangu Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23 mwezi Februari 2025, njia za biashara zimevurugika na watu wengi wameshuka kusini. Lusenda na Mulongwe kulikuwa tayari na wakimbizi wa Burundi. Nyumba iliyokuwa na watu sita inakuwa na kumi na mbili, chungu ni kile kile.

Maji pia. Kolera haitoki Baraka. Mtoto anayeharisha kila mara hawezi kukua hata akipewa chakula, kwa sababu utumbo wake haukamati kitu. Wanaofikiri kwamba choo na bomba ni mambo mbali na masomo wanakosea.

Halafu misaada. Mwishoni mwa 2020, kisha kushambuliwa mara kadhaa, Madaktari Wasio na Mipaka walipunguza sana kazi yao katika teritware ya Fizi. Mwaka 2025 Marekani, iliyokuwa inatoa sehemu kubwa zaidi ya misaada ya kibinadamu kwa Kongo, ilikata na kufunga shirika lake la USAID. Vile vifuko vya siagi ya karanga vinavyoponya bwaki, gramu 92 kila kimoja, vinategemea sana mifuko ya namna hiyo. Zikikatika, kituo cha afya kinabaki na mzani na maneno mazuri.

Msichana wa miaka 14

Tunazoea kusema lishe ni mambo ya watoto wachanga. Lakini kati ya miaka 10 na 19 mwili unakua tena kwa haraka, na msichana anayeanza kwenda mwezini anahitaji chuma zaidi kuliko kaka yake. Akipungukiwa damu anachoka, anasinzia, anapoteza masomo. Mvulana wa umri huo huo anaona njia ya Misisi, kwa machimbo ya zahabu, ni fupi kuliko njia ya diploma.

Msichana akipata mimba kabla mwili wake haujamaliza kukua, yeye na mtoto wanagombania chakula kile kile. Mtoto anazaliwa mdogo, na yale tuliyosema juu ya siku 1000 yanaanza upya. Sheria ya familia, ilivyorekebishwa 2016, inakataza kuoa au kuozesha mtu chini ya miaka 18. Mara nyingi tunaichukua kama sheria ya heshima. Ni sheria ya lishe vilevile.

India walifanya nini

Tukitafuta nchi iliyokuwa na tatizo kama letu, kwa ukubwa wa kutisha, tunafika India. Mwaka 2005-2006, watoto 48 kati ya 100 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2019-2021 walikuwa 35 na nusu. Bado ni wengi sana, lakini walishuka.

Mwaka 1975 walianzisha vituo vya kijijini vinavyoitwa anganwadi, mama mmoja wa kijiji akifuata wajawazito na watoto wadogo. Katika jimbo la Tamil Nadu, K. Kamaraj alianza kuwapa watoto chakula shuleni toka miaka ya 1950. Nchi nzima ilichelewa. Mwaka 2001, raia walienda Mahakama Kuu wakiuliza kwa nini nafaka inaoza katika ghala za serikali na watu wana njaa. Mahakama iliamuru kila shule ya msingi ya serikali itoe chakula kilichopikwa. Leo mpango huo unafikia zaidi ya watoto milioni 100.

Uchunguzi uliotoka 2021 katika jarida la Nature Communications ulikuta kwamba wasichana waliokula chakula hicho shuleni, walipokuwa mama, watoto wao walidumaa kidogo kuliko wa wengine. Sahani moja ilifika kwa kizazi cha pili. Lakini India ina funzo la uchungu pia: Julai 2013, katika jimbo la Bihar, watoto 23 walikufa kisha kula shuleni chakula chenye dawa ya kuua wadudu. Sisi tunaotumia bidoni moja kwa kila kitu tusisahau hilo.

Karibu zaidi, Embu nchini Kenya, kati ya 1998 na 2000 shule 12 zilifuatwa. Watoto walipewa githeri: wengine na nyama, wengine na maziwa, wengine na mafuta tu, na wengine hawakupewa kitu. Waliopata nyama ndio walioendelea zaidi katika mtihani wa kufikiri. Sisi nyama ni ghali, lakini ndagala wanavuliwa hapa.

Kazi ya nani?

Kazi ya serikali ni wazi: kulipa walimu na wauguzi, usalama wa mashamba, maji safi, na kuingiza chakula cha shule katika bajeti. Elimu bila malipo bila sahani ni nusu ya ahadi. Wabunge wetu wanaporudi kutuomba kura, hilo ni swali la kuwauliza.

Komite ya wazazi nayo inaweza kuanza na kidogo: uji wa saa tatu, hata mara mbili kwa juma, wenye unga wa karanga au wa ndagala, shamba la shule, na bamama wanaopika kwa zamu na kuonja kwanza. Kituo cha afya kinaweza kupima urefu na si uzito tu, kwa sababu mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana sawa juu ya mzani.

Na nyumbani: maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, kisha uji wenye kitu ndani yake. Kijiko cha mawese. Ndagala watano waliosagwa kwa mtoto kabla ya kupeleka beseni soko. Na baba, ukipewa samaki, angalia kwanza upande wa watoto.

Kama katika shule yenu mmeishajaribu kupika uji, tuletee habari: mlianzaje, nani alitoa unga, nini kilishinda. Tutaisoma hewani, kwani shule za jirani zinahitaji kuisikia.