Vipimo vya mionzi tuvione

Hapa Mwaloni Kirumba mizani ya samaki hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kugongwa muhuri, nasi wanunuzi twauona. Mgonjwa wa saratani anayetoka Ukerewe kuja Bugando kupigwa mionzi, je, anaona nini?

Kobalti-60 hupungua nguvu yapata asilimia 1 kila mwezi, hivyo muda wa tiba sharti urekebishwe. Tangu 1969 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na WHO hupeleka hospitalini, kwa posta, vipimo vidogo vya kuhakiki dozi. Tofauti ikizidi asilimia 5, hospitali hufuatiliwa. Vizuri sana, lakini majibu hayo husomwa na wataalamu tu.

Tarehe na matokeo ya ukaguzi vibandikwe mlangoni. Wahusika mnasemaje?

Mvuvi Mstaafu,
Kirumba, Mwanza.