Mzabibu hauonekani kwenye dirisha la basi

Nilipotea kidogo, mitihani ilitubana. Leo nina la moyoni.

Hivi wewe unayesoma hapa Dodoma, umeshakula zabibu ngapi? Nyingi tu. Na shamba lake umeshafika? Wengi wetu tunamaliza miaka mitatu, tunavaa joho, tunapanda basi kurudi kwetu, mzabibu tumeuona dirishani tu. Mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka Jumamosi iliyopita.

Mimi na rumeti wangu tuliazima baiskeli mbili, tukatoka chuo saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijachachamaa, tukashika barabara ya Arusha kuelekea Makutupora. Ni zaidi ya kilomita 20, na upepo wa Dodoma mnaujua, unakusukuma urudi ulikotoka. Tulivyoacha lami tu... mwiba. Pancha!

Ila pancha ile ndiyo iliyonifundisha. Tukiwa tunabandika kiraka, mama mmoja akatoka shambani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmefuata nini huku?"

Tukamwambia tumekuja kuona zabibu tu. Alicheka huyo! Halafu akatuzungusha mstari kwa mstari, akatuonesha nguzo, nyaya, na matawi anavyoyapogoa. Akishapogoa, kama miezi minne baadaye anavuna. Huku hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mavuno ni mara mbili kwa mwaka. Wenzetu Ufaransa wanavuna mara moja. Miaka miwili nipo hapa, nilikuwa sijui!

Kisha akasema lililoniuma. Zabibu hazisubiri. Zikishaiva, mnunuzi akichelewa siku chache tu zinaharibika. Kiwandani wakisema matangi yamejaa, mkulima anabaki kuziangalia. Wapo wanaokamua na kuuza mchuzi wa zabibu, lakini nao unataka chombo cha kuhifadhia, na chombo ni hela. Msimu uliopita yeye alimwaga ndoo kwa ndoo.

Sasa hoja yangu. Watu wanadhani kutembelea mashamba ya zabibu ni mambo ya Ufaransa na Afrika Kusini, tena uwe na gari na pesa za kuchezea. Sikubaliani kabisa. Gari linapita, baiskeli inasimama. Ukisimama utasalimia, ukisalimia utaongea, ukiongea utanunua, na hela inaingia moja kwa moja kwenye mkono uliolima. Najua, sisi ambao bumu limeshakata hatuwezi kumaliza tatizo la soko. Hilo linataka viwanda zaidi na maghala ya baridi. Lakini kesho kutwa ndio sisi tutakaa maofisini kupanga mambo ya wakulima hawa. Utapangaje shamba ambalo hujawahi kulikanyaga?

Mkienda, bebeni maji, pampu na viraka. Ombeni ruhusa kabla ya kuingia shamba la mtu. Msichume bila kulipa, jamani, ule ni ugali wa watoto. Na mvinyo onjeni mkisharudi, maana mvinyo, jua la Dodoma na baiskeli havipatani.

Sisi tulirudi na kilo tano nyuma ya baiskeli, miguu haina kazi, roho safi. Jumamosi ijayo tunakwenda tena. Nani yuko tayari? Tukutane getini saa kumi na mbili kamili.

Nawasilisha.