Usaili wa kazi ya tovuti, nauli mpaka Dodoma?

Wazalendo, leo tuongee kuhusu nauli.

Kijana wa Kilwa Masoko anatengeneza tovuti. Kajifunza kwa laptopu ya mtumba na bando la usiku. Anaomba kazi serikalini, jina linatoka: njoo Dodoma. Kwanza mchujo. Ukipita, usaili wa vitendo. Ukipita tena, ndo unakaa mbele ya jopo. Basi la Dar, basi la Dodoma, gesti, chakula, na kusubiri majina ya hatua inayofuata. Huna ndugu Dodoma? Pole yako. Huku kwetu kuna mzee anauza korosho kwa kangomba, kabla hata ya mnada, ili mtoto apande basi. Mtoto akikatwa kwenye mchujo, korosho ndo zimekwenda.

Na hapo barabara iwe nzima. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, maji yalikata barabara Somanga, Kusini ikabaki kisiwa. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini zikapata hitilafu, intaneti ikadorora nchi nzima. Ya intaneti ilipigiwa kelele mpaka Dodoma. Ya Somanga tuliisikia zaidi sisi wenyewe.

Gesi ya Songosongo inafika Dar kwa bomba tangu 2004. Yaani gesi inatoka Kilwa bila shida, ila swali la usaili kuja Kilwa ndo haliwezekani?

Linawezekana. Mwaka 2025 walimu walisailiwa kwenye mikoa wanayoishi. Sasa mtu wa tovuti, ambaye kazi yenyewe anaifanya mtandaoni, asafirishwe kwa sababu gani? Watasema akiwa mbali ataibia. Sawa, wekeni msimamizi Lindi mjini, kompyuta ziwe zilezile, muda uleule. Hatuombi kupendelewa, swali liwe gumu vilevile.

Msimamo wetu: mchujo na vitendo vifanyike mkoani, jopo limsikilize mtu kwa video, na anayelazimika kusafiri alipwe nauli. Waajiri binafsi wa Dar nao wanahusika, maana wapo wanaomwita mtu toka Kilwa kwa maswali ya dakika kumi ambayo simu ingetosha.

Uliwahi kukosa usaili kwa sababu ya nauli au barabara? Tuandikie uliitwa wapi, hatua ya ngapi, na ungetumia shilingi ngapi. Jina lako halitatoka. Hesabu hiyo tutawakabidhi madiwani na wabunge wetu waende nayo vikaoni.