Mtunzaji wa Watu Wazima Si Yaya



Mwezi uliopita alifika katika ofisi ya tawi letu dada mmoja aliyefanya kazi miaka 28 katika nyumba ya kuwatunza watu wazima wenye upungufu wa akili. Ameachishwa kwa sababu ya mgongo, baada ya kuinua watu vitandani miaka yote hiyo. Mkononi alikuwa na blanketi aliyopewa siku ya kuagwa, na cheti chake cha kazi. Tulikisoma. Pale pa kutaja aina ya kazi pameandikwa maneno mawili tu: "Kibarua, usafi."

Blanketi ni zawadi njema, wala hatuna neno juu yake. Neno letu ni juu ya hayo mawili.

Je, kibarua wa usafi hufanya nini? Dada huyu alijua kwamba mzee mmoja asiyesema hujiuma mkono jino linapomwuma, na hukataa chai tumbo linapomsumbua. Hata daktari alilijua jambo hilo kwa kuambiwa naye. Mtu akishikwa na kifafa, alijua kumlaza kwa ubavu, kutomtia kijiko kinywani, na kutazama saa. Dakika 5 zikipita kabla hakijaachia, daktari ataitwa mara moja. Alijua kumketisha mtu wima na kumlisha kidogo kidogo, maana wengi hupaliwa na chakula kikaingia mapafuni. Alimfundisha kijana mmoja kupanda matatu na kulipa nauli mwenyewe. Kazi hiyo ilichukua miaka 2. Kwanza aliketi naye, kisha akaketi kiti cha nyuma yake, mwisho akawa anamngoja kituoni anaposhuka. Hiyo ni kazi ya ufagio?

Tena kazi hii inazidi kuwa kubwa. Huko Marekani, katika mwaka 1983, watu waliozaliwa na hali ya Down waliishi kwa wastani kama miaka 25. Leo ni kama 60. Twafurahi sana. Lakini wengi wao hupatwa na maradhi ya kusahau mapema kuliko watu wengine, na wakati huo wazazi wao wamekwisha kufa. Anayebaki akijua mtu huyu apenda nini na aogopa nini ni mtunzaji wake.

Basi kwa nini mtunzaji huyu anahesabiwa kibarua? Katika Amri ya Mishahara ya Serikali, ngazi ya chini kabisa yawataja mfagiaji, mtunza bustani, yaya wa watoto, mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa mchana na tarishi. Kazi zote hizo ni za heshima. Lakini mtunzaji wa watu wazima hana jina lake hapo, na matajiri humtia humo kwa kuwa wamwona kama yaya. Na wamwona kama yaya kwa sababu anayetunzwa, hata awe na miaka 40, huitwa mtoto.

Sisi wafanyi kazi wa Kenya twalijua sana tusi hili. Wakati wa ukoloni wazee wetu waliitwa "boi" wakiwa na mvi na wajukuu. Aliyeitwa boi alilipwa mshahara wa boi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yasema mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na ya kuitwa kwa namna isiyomdharau. Mwiteni mtu mzima kwa jina lake, na papo hapo kazi ya anayemtunza itaonekana ilivyo.

Lakini nasi tuseme kweli. Wako wenzetu wanaowafunga watu kwa kamba na kuwapiga. Chama hakitasema hayo ni sawa, hata kama usiku mtunzaji mmoja ameachiwa watu 20. Hatia ya kuwaachia hivyo ni ya tajiri, na tutamdai. Mkono uliopiga ni wetu.

Matajiri hujibu kwamba nyumba hizi huishi kwa sadaka. Twajua. Lakini unga wao hununuliwa kwa bei ya duka, na mwenye duka haambiwi auze kwa huruma. Tena kuandika kazi ya kweli katika cheti hakugharimu hata senti moja.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, cheti kitaje kazi yenyewe, kama Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inavyoagiza. Pili, kazi hii iwekewe mtihani na daraja kama ufundi mwingine, na mshahara ufuate daraja. Tatu, siku moja ya mapumziko katika kila siku 7 na likizo ya siku 21 kwa mwaka zitolewe pasipo kuombwa, na pasiwe na mtu wa kuinua mgonjwa peke yake.

Ninyi mnaofanya kazi hii, leteni vyeti na hati zenu za mshahara kwa katibu wa tawi. Msingoje siku ya kuagwa. Cheti cha dada yetu tumekwisha kukirudisha kwa tajiri wake ili kiandikwe upya, na hatutanyamaza mpaka kiandikwe.